Pumzi ya farasi katika Suratul-Aadiyaat

Soma kwa sauti aya tano za mwanzo za Suratul-Aadiyaat, hata kama Kiarabu hukijui: "Wal-'aadiyaati dhwab-haa. Fal-muuriyaati qad-haa. Fal-mughiiraati swub-haa. Fa-atharna bihii naq'aa. Fawasatwna bihii jam'aa." Utajikuta unahema. Aya hizi ni kiapo: Mwenyezi Mungu anaapa kwa wale wanaokwenda mbio vitani wakihema, mpaka wakaingia katikati ya kundi la maadui. Dhwab-h ni mhemo wa farasi anayekwenda mbio, na neno lenyewe halitamkiki mpaka msomaji naye atoe pumzi kooni. (Wapo mufasirina, yaani wafasiri wa Qurani, waliosema wanaoapiwa ni ngamia. Mhemo huo ndio unaonivuta upande wa waliosema farasi.)

Sikiliza mwisho wa kila aya. Tatu za kwanza zina haa ya kooni, mbili zinazofuata zina 'ayn, na wanaosoma tajwidi, kanuni za kuisoma Qurani, wanajua kuwa herufi hizo zinatoka mahali pamoja, katikati ya koo. Kabla yake ipo herufi yenye sukuni, yaani isiyo na irabu: baa, daal, baa, qaaf. Zote nne ni za kalkala, yaani herufi zinazodundishwa zikiwa na sukuni, kwa hiyo sauti inadunda kama kwato juu ya mawe. Kisha inakuja jam'aa, kundi la maadui, na hapo ni miim. Midomo inafumba, mdundo unakatika, farasi wameshaingia katikati. Hili ni sikio langu, wala silifanyi kuwa tafsiri, lakini kila nikiisoma sura hii nalisikia.

Halafu kila kitu kinageuka: "Innal-insaana liRabbihii lakanuud." Hakika mwanadamu ni mtovu wa shukrani kwa Mola wake. Mbio zimekwisha. Sasa ni madda, yaani irabu ndefu, ambayo msomaji akisimama anaweza kuivuta hadi haraka sita (haraka moja ni muda wa irabu fupi), na sauti inazama ndani. Kanuud, shahiid, shadiid. Kiapo kilikwenda kwa kasi ya vita, shutuma inakuja polepole ili isikike. Baadaye kina kinabadilika tena na makaburi yanakutana na vifua: "qubuur" na "swuduur". Yaliyomo makaburini yatafukuliwa, yaliyomo vifuani yatadhihirishwa. Vina vimeviweka vitu hivi viwili sambamba, navyo vyote ni mahali tunapoficha.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ataniuliza kama basi hii si mizani na vina tu. Ar-Rummani, mwanazuoni wa lugha ya Kiarabu aliyefariki mwaka 994, alitoa jibu ninalolikubali: katika saj'i, yaani nathari yenye vina, maana huifuata sauti, lakini miisho ya aya za Qurani huifuata maana.

Mfano mzuri wa jambo hilo ni Suratudh-Dhuhaa: "Maa wadda'aka Rabbuka wamaa qalaa." Hakukuacha Mola wako, wala hakuchukia. Kitenzi cha kwanza kina "ka", yaani wewe, cha pili hakina. Ungesema imeondolewa ili kina kikae sawa. Lakini wanazuoni waliona upole hapo: kuachana kunaweza kutajwa baina ya wapendanao, ila neno la chuki halikuambatanishwa na Mtume (s.a.w.) hata katika kukanushwa.

Ndiyo maana wanafunzi wangu siwaruhusu kuisoma Al-Aadiyaat kwa mwendo mmoja. Wakifika jam'aa nawasimamisha, wavute pumzi, ndipo waseme "Innal-insaana".