Dawa hazikuandika kitabu kile

Taa zikiwashwa darasani huwa nahesabu kimoyomoyo, na sijawahi kufika kumi kabla mtu hajasema. Safari hii alikuwa kijana wa mstari wa nyuma, bado anajifuta machozi ya kicheko: "Mwalimu, kumbe kazi yenyewe rahisi! Unalewa chakari, unaandika kinachokuja, unamtumia mhariri." Wenzake wakampigia makofi.

Nafundisha vijana uandishi wa makala, jioni, baada ya miaka mingi ya kukata maneno ya watu kwenye dawati la uhariri. Kila muhula nawaonyesha Fear and Loathing in Las Vegas, filamu ya Terry Gilliam ya mwaka 1998, na kila muhula najuta kwa dakika kama kumi hivi. Wapo wanaocheka mpaka wanashika mbavu. Wapo wanaotoka katikati wakisema ni kelele tupu. Sigombani na yeyote kati yao, kila mtu na ladha yake. Ninachogombana nacho ni hilo la kwamba dawa za kulevya ndizo zilizoandika kitabu ambacho filamu imetokana nacho.

Johnny Depp anamwigiza Raoul Duke, jina ambalo Hunter S. Thompson, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeandika kitabu hicho, alilitumia kujificha. Mtazamaji anaona zulia la hoteli likitambaa, anaona wanywaji wa baa wakigeuka mijusi mikubwa, anaona mwandishi ambaye hata mashindano aliyotumwa kuyaripoti hajui yameishaje. Basi anaondoka akiamini ameona makala inavyoandikwa. Amemwona mhusika. Mwandishi alikuwa mahali pengine kabisa.

Mwanzoni mwa 1971 Thompson alikuwa Los Angeles akiifanyia kazi stori nzito ya jarida la Rolling Stone: kifo cha Ruben Salazar, mwandishi wa habari aliyeuawa na kombora la gesi ya machozi ambalo askari alilifyatulia ndani ya baa, tarehe 29 Agosti 1970, siku ya maandamano ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, dhidi ya vita vya Vietnam. Chanzo chake muhimu alikuwa wakili Oscar Zeta Acosta, lakini wakili huyo muda wote alizungukwa na wanaharakati wasiomwamini Mzungu mwenye daftari. Wangezungumzia wapi? Ndipo mwezi Machi jarida la michezo la Sports Illustrated likamwomba Thompson aende Las Vegas kuandika maelezo ya picha za Mint 400, mbio za jangwani za pikipiki. Maneno 250 tu. Akamchukua Acosta garini, wakapata nafasi ya kuongea wawili. Jarida hilo la michezo akalipelekea maneno 2,500, likayakataa.

Kwa hiyo ile safari ya kilevi ambayo darasa langu linaicheka ilianza kama mbinu ya kumtoa chanzo kwenye kundi ili azungumze. Hapo ndipo ningetaka vijana wapige makofi.

Halafu akajifungia hotelini Arcadia, nje kidogo ya Los Angeles, akaandika stori ya Salazar. Ya Vegas alikuwa akiishika kukipambazuka, kwa muda wa saa moja hivi, kupumzisha kichwa. Mwezi Aprili alirudi Vegas kwenye mkutano wa waendesha mashtaka kuhusu dawa za kulevya, na kitabu kikazibana safari mbili kana kwamba ni moja. Rolling Stone iliichapa Novemba 1971, kitabu kikatoka 1972. Hesabu miezi mwenyewe. Kuna mlevi gani anayekaa na ulevi wake kuanzia Machi hadi Novemba akihamisha aya?

Na kama hilo halitoshi, alikiri mwenyewe. Mwaka uleule wa 1971 alimwandikia mhariri wake wa vitabu, Jim Silberman, kwamba alichofanya ni kuigiza kwa makusudi wazimu wa mtu aliyevurugwa na dawa. Akamwomba mhariri abaki na maoni yake moyoni kuhusu alichokuwa ametumia wikendi ile. Barua za kwake mwenyewe alizitunza nakala kwa karatasi ya kaboni, miaka nenda rudi, ndiyo maana zimechapishwa na leo tunazisoma. Mtu anayetunza nakala ya kila barua humwiti ovyo.

Najua kuna atakayenikumbusha makala ya Thompson kuhusu mbio za farasi za Kentucky Derby za mwaka 1970. Sawa, hapo mna mguu mmoja wa kusimamia. Muda ulimwishia kweli, akachana kurasa za daftari na kuzituma jarida la Scanlan's Monthly, akidhani ndiyo mwisho wake kazini. Zikasifiwa, na kutokana na makala hiyo mwandishi mwenzake Bill Cardoso akaupa mtindo huo, wa mwandishi kujitia mwenyewe ndani ya stori, jina la "gonzo". Ila Thompson alizaliwa Louisville, mji wa mbio zenyewe. Watu aliokuwa akiwachora aliwajua tangu utotoni. Alikuwa na utafiti wa miaka thelathini kichwani. Na alipotaka kuirudia mbinu hiyo Vegas, yaani daftari zima lichapwe bila kuguswa, alishindwa, akaandika waziwazi kwamba kwa kipimo hicho kitabu ni jaribio lililofeli.

Mnataka kujua kinatokea nini mtu akiishi kama ile filamu kweli? Twendeni Kinshasa. Mwaka 1974 Rolling Stone ilimtuma Zaire kuripoti pambano la Muhammad Ali na George Foreman, pamoja na mchoraji wake Ralph Steadman. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, Ali akimwangusha Foreman katika raundi ya nane na uwanja mzima ukilipuka, Thompson alikuwa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Pambano hakuliona. Makala haikuandikwa. Steadman, masikini, alitaka kwenda uwanjani. Stori kubwa kuliko zote za michezo za kizazi chake ilipita umbali wa safari ya teksi, naye anaelea. Hiyo ndiyo makala ambayo dawa ziliandika: hakuna.

Simwoshi mtu. Alikunywa, alitumia, alijipiga risasi nyumbani kwake Woody Creek, Colorado, Februari 2005, akiwa na miaka 67. Ila vitabu vinavyobaki vimetoka kwenye kazi, na hata kazi yenyewe ilianzia mbali: ujanani alikuwa akizichapa upya kwa taipureta kurasa za Fitzgerald na Hemingway, neno kwa neno, mikono yake izoee mdundo wa sentensi iliyosimama. Wanafunzi wangu wanajua ninakoelekea, wanaanza kuguna. Ndiyo, ukurasa mmoja kila siku, kwa mkono, wa mtu anayekuzidi. Nimewafundisha mengi, na hili ndilo pekee ambalo nimeona likimbadilisha mwandishi ndani ya miezi mitatu.

Mengine nitayapitia haraka.

Wanasema yule wakili Msamoa anayesafiri na Duke ni wa kubuni. Usamoa ndio wa kubuni. Acosta alikuwa Mchikano, mtetezi wa wanaharakati mahakamani, na mwaka 1970 aligombea usherifu wa wilaya ya Los Angeles. Mwaka huohuo Thompson naye aligombea usherifu Colorado, akanyoa kipara ili aweze kumwita mpinzani wake "mwenye nywele ndefu". Wote walishindwa. Acosta hakukasirishwa na dawa alizobebeshwa kitabuni. Alikasirishwa na kunyang'anywa asili yake, akakubali kitabu kitoke kwa sharti kwamba picha na jina lake viwepo kwenye jalada. Alipotea Meksiko mwaka 1974, hajaonekana tena. Mkimcheka Benicio del Toro, anayemwigiza wakili huyo, kwenye bafu, mkumbuke hilo.

Depp ametia chumvi? Alikaa nyumbani kwa Thompson miezi, akavaa nguo zake halisi, na kipara kile Thompson alimnyoa kwa mkono wake. Ule mguno wa maneno yasiyotamkwa vizuri, ambao kila mtu analalamika hausikiki, ndivyo mzee alivyoongea. Anayebisha amtazame Bill Murray akimwigiza Thompson katika filamu ya Where the Buffalo Roam ya mwaka 1980: miaka 18 kabla, mwigizaji mwingine, na bado kishikio cha sigara ni kilekile na mwendo ni uleule wa mtu anayetembea juu ya sitaha ya jahazi.

Hiyo ya 1980, tafadhali, si toleo la zamani la hii ya 1998. Inatokana hasa na makala ya 1977 ambayo Thompson alimwandikia Acosta kama tanzia, ndiyo maana wakili, kwa jina la Carl Lazlo, amepewa nafasi kubwa. Murray ni mzuri, filamu ni mbovu. Mtu akiniambia anaipenda kuliko ya Gilliam namwomba aitazame tena akiwa peke yake.

"Ilifeli sinemani, kwa hiyo mbaya." Ilifeli, ni kweli, haikurudisha gharama yake katika kumbi za Marekani. Watu wakaja kuipenda kwenye kanda na diski, wakaitazama mara tatu nne.

Kuhusu kile kichupa cha adrenokromu, ambacho watu wanatumiana ujumbe kwenye simu eti ni siri ya matajiri: ni adrenalini iliyooksidika, inatengenezwa maabara kama kemikali nyingine yoyote, na haimpi mtu yale mnayoyaona kwenye filamu. Thompson alikuza. Ni filamu ya vichekesho, jamani.

Na wanaosema inasifia dawa, huwa nawaangalia nyuso wakati wa onyesho la mgahawani, wakili anapomtolea kisu yule mhudumu wa kike. Hakuna anayecheka. Wale waliokuwa wakipiga makofi wanatazama chini au wanashika simu. Gilliam alilitaka onyesho hilo liume, na linauma.

Kijana wa mstari wa nyuma nimempa ukurasa wake wa kwanza wa kunakili. Kaniuliza kama anaweza kuupiga picha.