ADHD ya mtu mzima: ni nini, na ubishi uko wapi

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili kwenye jambo moja, asitulie mwilini, au akurupuke kabla ya kufikiri, mpaka kazi na maelewano na wenzake viharibike. Fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, anayekata vitambaa vya wateja wote wa Idi asimalize hata gauni moja, huenda anayo. Huenda pia hana: kukosa usingizi, sonona, wasiwasi, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali kama hiyo hiyo. Hivyo ndivyo vya kupimwa kwanza.

Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, wa mwaka 2013, unamtaka mwenye miaka 17 na kuendelea awe na angalau dalili 5 kati ya 9 za akili kutotulia, au 5 kati ya 9 za utukutu na kukurupuka. Ziwe zimedumu miezi 6, zionekane nyumbani na kazini pia, na baadhi ziwe zilianza kabla ya miaka 12.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kesi. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu tangu kuzaliwa, ulionyesha mwaka 2015 kwamba wengi waliokutwa na ADHD wakiwa na miaka 38 hawakuwa nayo utotoni. Wako wanaosema huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Wako wanaosema malezi ya kubana yaliificha. Kwa vitendo, mgonjwa aje na mama au shangazi yake, pamoja na ripoti za shule ya msingi, na maoni ya mwalimu wa darasa yasomwe kabla ya alama. Wasichana wapole waliokuwa wakizubaa dirishani ndio hupitwa zaidi. Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) la maswali 6 ni chujio tu, halithibitishi kitu.

Dawa inayotajwa sana ni methilifenideti, ambayo ni kichangamshi cha ubongo. Huanzwa kidogo, kwa mfano miligramu 5 asubuhi na 5 mchana, kisha hupandishwa taratibu huku presha na mapigo ya moyo yakipimwa. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa 4 hivi; kikimezwa jioni, usingizi hauji. Hamu ya kula nayo hupungua. WHO ilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, ikakataa tena 2021.

“Dawa imenisaidia, basi ADHD ninayo” si hoja, maana kichangamshi huweza kumwongezea umakini hata asiye na ADHD. Anayetafuna mirungi, ingawa imepigwa marufuku nchini, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa: nayo ni kichangamshi, na vichangamshi viwili pamoja huufanya moyo uende mbio.