Malisho si pori lisilo na mwenyewe

Panda daladala yoyote Arusha, hukosi kusikia watu wakisema juu ya malisho ya kijiji: "Pale hakuna nyumba wala shamba, wanakijiji hawana hati, basi hapana mwenyewe." Imani hiyo ni ya zamani, na si kweli.

Nyasi unazoziona zimesimama bila mifugo mara nyingi zimeachwa makusudi. Wamaasai huita alalili: malisho ya ndama na ng'ombe wagonjwa, karibu na boma, yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua ardhi ya pamoja. Halmashauri ya kijiji ni msimamizi tu. Haiwezi kumgawia mtu kipande kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Tena haki ya kumiliki ardhi kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini.

Mwaka 1951 mkoloni aliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, kupisha walowezi. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikwenda kuidai ardhi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. (Pori gani hilo la kufuatwa mpaka huko?)

Ukiambiwa malisho yameuzwa, omba muhtasari wa mkutano mkuu, pamoja na mahudhurio yake.