Pampu ya nyangumi ni nini?

Pampu ya nyangumi ni jina ambalo wanaikolojia wa bahari wameipa kazi moja wanayoifanya nyangumi bila kukusudia: kupandisha virutubishi kutoka kilindini hadi juu kwenye mwanga. Nyangumi huzamia kutafuta chakula, huibuka kupumua, na akiwa pale juu hujisaidia. Kinyesi chake hubaki karibu na uso wa maji na kuwa mbolea ya planktoni za kimea, yaani vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo karibu viumbe wote wa bahari kuu hutegemea kwa chakula, moja kwa moja au kupitia wenzao. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 2010, pale Joe Roman wa Chuo Kikuu cha Vermont na James McCarthy wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochapisha utafiti wao kuhusu Ghuba ya Maine, kwenye pwani ya Atlantiki ya Marekani na Kanada.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka ujue shida ya bahari yenyewe. Mwanga uko juu, rutuba iko chini. Vijimea vinahitaji vyote viwili ili vikue, lakini kila kinachokufa baharini huzama, na vinyesi vya viumbe wadogo huzama pia, vikienda na naitrojeni, fosforasi na chuma. Mteremko huo unaitwa pampu ya kibiolojia, na unaelekea chini usiku na mchana. Dhoruba na mikondo inayopanda hurudisha sehemu ya rutuba. Lakini majira ya joto yakifika, maji ya juu hupata joto, huwa mepesi, na hukaa kama tabaka la peke yake juu ya maji baridi. Hapo kupanda kwa rutuba hupungua sana, wakati ambapo jua ni kali na vijimea vinaihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Nyangumi hasubiri dhoruba wala mkondo. Hupenya tabaka zote kwa nguvu za misuli yake, mara nyingi kwa siku.

Swali ambalo watu huuliza mara moja ni hili: kwa nini asijisaidie hukohuko chini? Jibu liko mwilini mwake. Nyangumi anapumua kwa mapafu, kwa hiyo kila anapozamia anaishi kwa akiba ya oksijeni aliyoibeba. Mapigo ya moyo hupungua, damu huelekezwa zaidi kwenye viungo visivyoweza kungoja kama ubongo na moyo, na kazi kama kumeng'enya chakula na kutoa taka hupunguzwa hadi aibuke. Ndiyo maana chakula kinaliwa kwenye giza na taka inatolewa kwenye mwanga. Mfano ulio wazi kabisa ni yule nyangumi mkubwa wa meno anayetoa ambari. Huyu huwinda ngisi kwenye kina kinachoweza kufika mita elfu moja na zaidi, mahali ambapo hakuna kijimea kinachoweza kuishi, kisha huja kuiachia rutuba ya huko chini kwenye maji yenye jua.

Ukikiona kinyesi hicho kwa karibu, hakifanani na kile watu wanachokidhania. Si madonge. Hutoka kama wingu la majimaji linalotanda nyuma ya mkia, jekundu au la rangi ya chungwa ikiwa mlo ulikuwa krili, wale jamii ya uduvi wa bahari za baridi. Vipande vingine huelea, vingine huyeyuka na kutawanyika, kwa hiyo watafiti hulazimika kuwahi na wavu wa matundu madogo kabla wingu halijapotea. Kwa nyangumi adimu wa Atlantiki ya Kaskazini wametumia hata mbwa waliofunzwa, ambao hukaa mbele ya boti na kufuata harufu juu ya maji. Sampuli hizo zina faida nyingine ambayo mimi naithamini sana. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, meli zilipungua katika Ghuba ya Fundy, huko Kanada, na kelele za chini ya maji zikashuka. Homoni za msongo kwenye vinyesi vya nyangumi waliokuwa hapo zilishuka pia, kama ilivyochapishwa mwaka 2012.

Turudi Ghuba ya Maine. Roman na McCarthy walikadiria kwamba nyangumi na sili wa ghuba ile huachia tani zipatazo 23,000 za naitrojeni kila mwaka kwenye maji ya juu, kiasi kinachozidi kile kinacholetwa na mito yote inayomwaga humo ikijumlishwa. Na hao ni wanyama waliobaki baada ya karne kadhaa za kuwindwa.

Kwenye Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, hadithi inahusu chuma. Naitrojeni huko ipo ya kutosha, ila chuma ni haba kiasi kwamba maji yenye kila kitu kingine hubaki na vijimea vichache. Krili hubeba chuma mwilini, nyangumi hula krili kwa tani, na sehemu kubwa ya chuma hicho humpita tu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 vilionyesha kwamba chuma kwenye kinyesi cha nyangumi kimekolea takriban mara milioni 10 kuliko kwenye maji ya bahari yanayokizunguka. Mtu anaweza kupinga kwamba chuma cha krili kimetoka kwenye maji yaleyale ya juu, kwa hiyo nyangumi haongezi chochote. Pingamizi hilo lina haki yake, na ndiyo maana inafaa kutofautisha kazi mbili. Anayekula ngisi wa kilindini huleta chuma kipya juu. Anayekula krili hukizungusha kilichopo, akikirudisha kwenye hali ambayo vijimea vinaweza kukitumia tena badala ya kukiacha kizame na mizoga. Kazi zote mbili zina maana kubwa mahali ambapo kila chembe ya chuma inahesabika.

Kutoka hapo tunafika kwenye kitendawili kilichowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. Katika karne ya 20 meli za wawindaji ziliua karibu nyangumi milioni 2.9 duniani, zaidi ya milioni 2 kati yao kusini mwa ikweta. Kwa hesabu ya kawaida, mlaji akiondoka, kinacholiwa huongezeka. Krili walitarajiwa kufurika. Hawakufurika, na katika sehemu kadhaa walipungua. Utafiti wa mwanabiolojia wa bahari Matthew Savoca na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kutumia vifaa vilivyobandikwa kwenye migongo ya nyangumi 321, uliipa hesabu hii sura mpya. Uligundua kwamba nyangumi wanakula takriban mara tatu ya ilivyodhaniwa, na nyangumi wa buluu anaweza kumaliza tani 16 za krili kwa siku moja. Kabla ya uwindaji, nyangumi wa Bahari ya Kusini wangekuwa wanakula tani milioni 430 za krili kwa mwaka, yaani karibu mara mbili ya krili wote walioko huko leo. Chakula hicho kilitoka wapi? Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba nyangumi walikuwa wakiirutubisha bahari iliyowalisha. Utafiti huohuo ulikadiria kwamba chuma walichokizungusha zamani kilikuwa mara kumi ya cha leo. Walipouawa, mbolea ilikatika, vijimea vikapungua, na krili wakakosa malisho.

Pampu hii ina tawi linalokwenda mlalo. Nyangumi wengi hula kwenye maji ya baridi na kuzaa kwenye maji ya joto, ambako karibu hawali kitu, lakini mkojo, ngozi inayobanduka, kondo za nyuma na mizoga vyote huachwa huko. Mwaka 2025 Roman na wenzake walikadiria kwamba safari hizo huhamisha karibu tani 4,000 za naitrojeni kila mwaka kwenda kwenye maji ya pwani yaliyo maskini wa rutuba. Pomboo nao wana mchango wao, mdogo kwa mnyama mmojammoja lakini wa kila siku. Wale wanaoruka na kujizungusha hewani hula usiku baharini mbali, kisha hupumzika mchana kwenye ghuba tulivu. Huko Fernando de Noronha, Brazili, imeandikwa jinsi samaki wa miamba wanavyowafuata na kula kinyesi na matapishi yao papo hapo, hata kabla vijimea havijapata sehemu yao.

Dhana hii huchanganywa mara nyingi na mambo mawili. La kwanza ni mzoga unaozama. Nyangumi aliyekufa akifika sakafuni hulisha papa, kaa, bakteria na minyoo walao mifupa kwa miongo, na wanasayansi wamelifuatilia hilo tangu mwaka 1987, lilipogunduliwa nje ya pwani ya Kalifonia. Lakini huo ni mwendo wa kushuka, kinyume cha pampu.

La pili ni hewa ya ukaa, na hapa nina shaka na shangwe iliyopo. Vijimea vinavyorutubishwa hufyonza kaboni, na sehemu yake huzama. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba nyangumi wa ambari wapatao 12,000 wa Bahari ya Kusini huachia tani 50 za chuma kwa mwaka, na kwamba ukitoa kaboni wanayoitoa kwa kupumua, faida ni tani 200,000 za kaboni kuondolewa angani. Mwaka 2019 wachumi walioandika kwenye jarida la Shirika la Fedha la Kimataifa walifika hadi kumthamini nyangumi mmoja mkubwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Sasa linganisha: binadamu hutoa takriban tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Zile tani 200,000 ni sehemu mbili tu kati ya laki moja. Anayemtetea nyangumi kwa hoja ya tabianchi peke yake anamwekea mzigo asioweza kuubeba, na siku hesabu hiyo itakapokosolewa, nyangumi ndiye atakayepoteza watetezi. Hoja ya rutuba haina udhaifu huo: krili, samaki na ndege wa baharini wanaipata mbolea hiyo leo, hapohapo ilipomwagwa.