Lushoto inahitaji mgahawa wa namna gani?

Wengi wanaotaka kufungua mgahawa Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, humfikiria kwanza mtalii. Wanataka varanda inayotazama bonde, pizza, menyu ya kurasa sita na kibao kikubwa barabarani. Wakiniomba ushauri nawaambia jambo lile lile: mji ule unahitaji hoteli ya chakula cha moto kinachotoka kwenye mashamba yake wenyewe, kinachopikwa kwa ajili ya mtu ambaye kesho atarudi. Kazi yangu ni kuwapangia majiko na menyu wafanyabiashara wadogo wa chakula, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kuanzia jikoni.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayoamua mteja ni nani. Mombo iko chini, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Basi likisimama pale abiria hupewa dakika chache, anakula chipsi kuku, anapanda, na huenda asionekane tena mpaka mwaka mwingine. Mpishi wa Mombo anaweza kupika kitu kimoja mwaka mzima na asipate hasara. Lushoto iko kilomita 33 juu yake, baada ya kona za Soni, na hakuna anayepita pale kwenda jiji jingine. Wanaokula mjini ni walimu, watumishi wa halmashauri, wanachuo wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, bodaboda, vibarua wanaopakia kabichi, na watu waliokuja kumuuguza ndugu hospitalini. Sura ni zile zile. Ukimpa mtu wali maharage Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi atapita mlangoni kwako akielekea kwa jirani.

Ndiyo maana napendekeza menyu fupi inayozunguka. Kila siku vyakula vitatu tu: kimoja cha nafaka na kunde, kimoja cha ndizi au viazi, na kimoja cha ugali na mboga mbili. Nyama au dagaa viwe nyongeza ya hiari. Mzunguko uwe wa siku kumi ili chakula kisiangukie siku ile ile kila wiki. Hapo unaingiza makande, ndizi za maharage, viazi vya nazi, bada (ugali wa muhogo) kwa kisamvu, supu ya maboga. Vyote ni vyakula ambavyo mama wa Kisambaa anavipika nyumbani bila kusoma popote, ila ukivitafuta mjini saa saba mchana mara nyingi utaambiwa kuna chipsi.

Nitakaa kidogo kwenye makande, kwa sababu hapo ndipo mlima unapowashinda wapishi wanaotoka pwani. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha joto ambacho maji huchemkia hushuka kwa karibu nyuzi moja ya Selsiasi. Maana yake sufuria ya Lushoto inachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukipanda kuelekea Magamba na Shume inapungua zaidi. Hata ukichochea moto vipi, maji hayatazidi hapo. Moto unaouongeza unageuka mvuke tu. Maharage yaliyoiva Tanga mjini kwa saa mbili yatakuchelewesha sana huku, na mpishi mgeni atasema maharage ni ya zamani. Mara nyingine ni kweli ni ya zamani, lakini usiyalaumu kabla hujahesabu urefu wa mlima.

Dawa yake iko kwenye ratiba. Loweka mahindi ya kukoboa na maharage jioni, kila kimoja na chombo chake. Alfajiri mwaga maji yale, tia mapya, uanze na mahindi peke yake, kwa sababu yanachelewa kuliko maharage. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yakizidi yanaharibu vitamini za kundi B na ladha inakuwa ya sabuni. Mimi nashauri sufuria ya presha. Mfuniko unaofungwa kabisa unazuia mvuke usitoke, mgandamizo unapanda, na maji yanachemka kwenye joto kubwa kuliko yale ya sufuria ya wazi hata ufukweni. Mahindi na maharage yakishaiva, ndipo unatia karoti na liki zilizokatwa, na mwisho kabisa tui la nazi, likipata mchemko mmoja tu. Nazi inapanda kutoka pwani ya Tanga, vingine vyote viko hapo hapo. Pakua kwenye bakuli lenye kina. Mwezi Julai chakula kilichotandazwa kwenye sahani pana kinapoa kabla mtu hajamaliza kunawa.

Kando ya bakuli weka kachumbari, au kipande cha chungwa la Muheza. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage hayafyonzwi vizuri yakiliwa peke yake. Vitamini C inasaidia sana. Chai inafanya kinyume: inazuia. Najua kumwambia mtu wa milimani asinywe chai na chakula ni kutafuta ugomvi, na chai yenyewe inalimwa upande wa Bumbuli. Basi ipeleke mezani saa nzima baada ya chakula, au iwe ya asubuhi na vitafunwa. Kwa mjamzito na mtoto jambo hili lina uzito, na mgahawa unaolisha watu wale wale kila siku unabeba sehemu ya afya yao.

Sasa mboga. Usambara ya magharibi inalisha masoko ya Dar es Salaam. Kabichi, karoti, hoho, nyanya, liki, koliflawa, na kwa msimu wake plamsi, peasi na pichesi. Wakulima wanauza kwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa, kwa bei anayoitaja dalali, na mzigo unashuka Mombo usiku. Kisha unaingia mgahawa wa pale pale mlimani unaletewa kijiko kimoja cha kabichi iliyokaangwa ikawa ya kahawia, pembeni ya wali. Hali hii inaniuma. Mgahawa mdogo hauwezi kubadilisha bei za jijini, lakini unaweza kufanya mapatano na wakulima watano au sita, kila mmoja na zao lake, walete kwa kilo, mara tatu kwa wiki, kwa bei mnayokubaliana kwa miezi mitatu. Mkulima anapata fedha ya uhakika ya ada na sabuni. Wewe unapata karoti iliyong'olewa jana. Pima kwa mizani mbele yake na ulipe siku hiyo hiyo. Ukianza kukopa, makubaliano yamekufa.

Siku za gulio ni jambo jingine. Watu wanashuka kutoka vijijini gizani na mizigo kichwani, na wanaosafiri wanawahi mabasi ya alfajiri. Mgahawa unaofungua saa mbili asubuhi umeshawakosa. Fungua saa kumi na moja, uwe na uji wa moto, supu na chapati, viazi vya kuchemsha. Siku hizo utapika mara mbili ya kawaida, kwa hiyo nunua sufuria mbili za kati badala ya moja kubwa mno ambayo siku nyingine itapika robo yake na kula gesi bure.

Kuhusu gesi sitasema mengi. Msitu wa Magamba ndio chanzo cha maji ya mji, na kupika kwa kuni chini yake ni kujikausha wenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake. Anza na mtungi, na jiko la umeme la presha kama umeme wako hausumbui.

Hesabu ni hii, kwa mfano. Pango 200,000, wasaidizi watatu 600,000, gesi, umeme na maji 150,000, usafi na leseni 100,000. Jumla 1,050,000 kwa mwezi. Ukiuza sahani moja kwa shilingi 2,500 na malighafi yake ikawa 1,000, kinabaki 1,500. Gawanya: sahani 700 kwa mwezi, yaani 27 kwa siku ukifanya kazi siku 26. Kuanzia hapo ndipo unapata chako. Kwa mji ule, sahani 27 za mchana ni jambo linalowezekana bila mtalii hata mmoja. Mtalii akija atakula makande yale yale, na nina hakika atayapenda.

Mwenye nyumba wa Lushoto anaweza kuwa Mwislamu, jirani yake Mlutheri, na wote ni wateja wako. Kitoweo kiwe cha halali, pombe isiuzwe humo ndani. Mwezi wa Ramadhani punguza mchana, uwapikie wasiofunga na wagonjwa kwa kufungasha, nguvu yote uihamishie kwenye futari: mihogo, magimbi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga. Wengi watataka kubeba nyumbani, hivyo omba waje na hotipoti zao.

Na mlangoni weka ndoo yenye koki, maji yawe ya vuguvugu. Mtu aliyetoka shambani asubuhi ya Juni akikuta maji ya baridi kali atalowesha vidole tu, na mikono hiyo hiyo ndiyo itakayomega ugali.