Mandhari za nje za eneokazi ni nini?

Mandhari ya eneokazi ni mkusanyiko wa faili unaoielekeza kompyuta ionekane vipi: rangi na umbo la madirisha, vitufe, aikoni, kielekezi cha kipanya, fonti, pengine hata sauti. Ikitengenezwa na mtu mwingine asiye mwenye mfumo endeshi, nawe ukaipakua na kuiweka mwenyewe, hiyo ni mandhari ya nje.

Wengi huichanganya na picha ya usuli. Picha haifanyi lolote zaidi ya kuonekana, lakini mandhari inaweza kuingia ndani kabisa ya mfumo, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Chukua Windows. Tangu XP ya mwaka 2001, sura ya madirisha huhifadhiwa katika faili za aina ya msstyles, na mfumo huzikubali zile tu zenye sahihi ya kidijitali ya Microsoft. Mandhari ya nje haina sahihi hiyo. Ili ipite, watu walizoea kurekebisha uxtheme.dll, faili ya mfumo inayofanya ukaguzi huo. Inawezekana, na matokeo yake huwa mazuri sana, ila sasisho kubwa likija linaweza kuirudisha faili hiyo ilivyokuwa, au kubadilisha mambo ambayo mandhari iliyategemea, ukabaki na upau wa kazi ulioharibika au skrini nyeusi. WindowBlinds ya Stardock ina njia yake: ni programu inayochora upya madirisha yenyewe. Rainmeter haigusi madirisha hata kidogo, huongeza tu saa, hali ya hewa au kipimo cha kumbukumbu juu ya eneokazi. Kwa anayeanza, ningependekeza hiyo.

Kwenye Linux uhuru ni mkubwa zaidi. Mara nyingi unanakili folda tu, ukaiweka ndani ya .themes au .icons katika folda yako ya nyumbani, kisha unaichagua kwenye mipangilio. Mandhari za GTK, zana inayochora madirisha na vitufe vya programu nyingi za Linux, huandikwa kwa CSS, lugha ya mitindo inayofanana na ile ya kurasa za wavuti, kwa hiyo anayejua kidogo anaweza kubadilisha rangi asiyoipenda. Hata hivyo, tangu toleo la 42 la GNOME, mazingira ya eneokazi ya Linux, lililotoka mwaka 2022, programu zinazotumia libadwaita, maktaba ya GNOME inayoamua sura ya programu, hazifuati tena mandhari hizo. Baadhi ya waundaji wa programu walikuwa wamelalamika kwamba mandhari za nje zinafanya maandishi yasisomeke, na lawama zinawaangukia wao. Hoja yao ni ya haki, ingawa mtu mwenye uoni hafifu naye ana haki ya kupanga rangi anazoziona vizuri.

Mandhari za jumla za KDE Plasma, mazingira mengine ya eneokazi ya Linux, zinaweza kubeba hata skripti, yaani amri ambazo kompyuta huzitekeleza. Machi 2024, mandhari moja ya aina hiyo kutoka hazina ya KDE ilimfutia mtumiaji faili zake binafsi.

Basi kabla ya kuweka mandhari yoyote, fungua kifurushi chake uone kilichomo. Kama ni picha na CSS pekee, ukiichoka utafuta folda yake na kuchagua nyingine. Kama ina skripti au kisakinishi kinachoomba ruhusa ya msimamizi, weka kwanza nakala rudufu ya faili zako, na kwenye Windows tengeneza pia sehemu ya kurejesha mfumo.