Kutunza mandhari ya shule: maana yake

Tukisikia shule fulani "ina mazingira mazuri", wengi tunawaza uwanja uliofagiliwa ukang'aa, mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, na maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hayo ni mapambo. Kutunza mandhari ya shule ni kupanga matumizi ya ardhi yote ya shule kwa kuanza na vile ambavyo shule ilivikuta pale: mti mkubwa, kichuguu, mwamba, mteremko, kijito cha bondeni. Kabla ya kuuliza tupande nini, tunauliza nini kisiguswe.

Huku Tororo, mashariki mwa Uganda, mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha hurudi baadaye mwaka huohuo, na hapo ndipo ubaya wa kufagia udongo mtupu unapoonekana. Kuna shule naijua ambako watoto hufagia kila asubuhi hadi ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Chini ya mwembe mizizi imetokeza kama vidole, watoto wanajikwaa. Maji ya bati hayana mfereji. Yanaanguka chini, yanaruka na kuacha doa jekundu ukutani hadi usawa wa goti. Msingi wa darasa la tatu umebaki wazi, mkono unaingia chini yake. Inaniuma, kwa sababu wazazi walichanga kulijenga darasa hilo.

Dawa yake si ghali. Nyasi fupi kama pasipalamu zishike udongo, nao wanafunzi wafagie njia tu. Mfereji wa bati upeleke maji kwenye tangi. Kwenye mteremko, mtaro uchimbwe kwa kuukata mteremko. Ukishuka nao moja kwa moja, miaka michache tu utakuwa korongo.

Miti ya asili ipewe heshima yake. Mvule huchukua miaka 50 na zaidi kukomaa, lakini hukatwa siku moja kwa ajili ya madawati. Mutuba, ambao gome lake hutoa kitambaa cha lubugo cha Waganda, kilichotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, ni somo la historia lililosimama uani. Mkaratusi siukatai, maana shule inahitaji kuni, ila unakunywa maji mengi: upandwe mbali na kisima na chemchemi.

Bonde nalo lina sheria. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu maeneo oevu na kingo za mito zinalinda mita 30 kutoka ukingo wa mto, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Kwa hiyo shule yenye kijito haiwezi tu kufyeka mafunjo ili kurefusha uwanja wa mpira, hata kama shamba lote ni lake. Mafunjo hayo huchuja maji ambayo jirani wa chini anayachota.

Pa kuanzia ni rahisi. Siku mvua kubwa inapokatika, mwalimu awatoe watoto wa darasa la tano wafuate maji: yanatoka wapi, yanatuama wapi, yanakula udongo wapi. Wachore ramani, kila mti mkubwa na kila kichuguu kikiwekwa alama. Ramani hiyo ibandikwe ofisini kabla fundi wa jengo jipya hajaja na kamba yake kupima.